Laini Iliyotuzwa Likoni

Mimi ndiye niliyekataza laini yetu isitumike Kenya. Tulipotoka Mwera kwenda kwenye harusi ya shemeji Likoni, nilihubiri tangu kivuko cha Bweni hadi Horohoro: ng'ambo salio huliwa hujamaliza kusema haloo, na simu janja hata ikilala mfukoni bado inatafuna data. Nikakumbusha na mwaka 2006, Celtel walipounganisha Tanzania, Kenya na Uganda, mteja wao akawa anapiga popote kama yuko kwao.

"Celtel ilishakufa, baba," mama watoto akanijibu.

Likoni nikaonyesha pasipoti, nikasajiliwa laini ya Kenya. Mama watoto akachomoa ya kwetu kwa pini ya mtandio, akaifunga kwenye pindo la kanga. Nikamsifu.

Usiku wa taarabu mwimbaji alimgusa mahali. Mama watoto akasimama, akaenda akijinyonganyonga, akavua kanga ya juu, akamfunika mwimbaji mabegani. Ukumbi ukapiga vigelegele. Nami nilipiga makofi, kwa nguvu kabisa.

Asubuhi ndipo tukakumbuka pindo. Mwimbaji alishaondoka usiku uleule na nauli yetu ya kurudi, maana pesa yote ilikuwa kwenye laini ile. Nikaipigia namba yetu, sijui nilitegemea kanga ipokee. Haipatikani. Nikampigia mama Mwera anikopee mahali. Akapokea mwanamume, kwa kero: "Mama gani?" Kumbe Kenya nako namba zinaanza na sifuri saba kama zetu, nami sikuweka mbili tano tano mbele. Nikarudia mara tatu, yule bwana akazidi kunitukana. Nilipoipata Mwera yenyewe, salio likakatika mama akiwa bado anaulizia afya ya bibi harusi.

Nauli tulikopeshwa na shemeji, siku ya saba ya ndoa yake. Aibu hiyo niiache.

Kufika nyumbani, kuirudisha laini kukataka alama za vidole, kwani tangu 2019 ndivyo zinavyosajiliwa, na yetu ilisajiliwa kwa dole gumba la mama. Mama akasema havuki mto kwenda Pangani kwa upuuzi wa watu wazima, na hali kabatini mwake kuna kitochi chake cha laini mbili ambacho hakuna aliyekiomba.

Siku ya tatu akalainika. Alitaka doti moja ya kanga.

"Na pindo," akasema, "nitazikagua mwenyewe."