Kimemo Hakihakikiwi

Droo ya ofisa utumishi, Dar es Salaam. Ndani mna kivuli cha cheti cha daktari na kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari.

CHETI: Shikamoo.

KIMEMO: Marahaba, mwanangu. Sogea huko, usinikunje. Unajua nimetoka kwa nani?

CHETI: Nitajuaje? Huna jina wala saini.

KIMEMO: Saini ni za nyie mnaohakikiwa. Mimi nina maneno manne tu: "Huyu ni kijana wetu." Wewe una nini?

CHETI: Miaka 5 ya chuo cha udaktari, na mmoja wa mafunzo kwa vitendo.

KIMEMO: Maelezo marefu hayo. Nani atayasoma?

CHETI: Kijana wenu kasomea nini?

KIMEMO: Adabu. Akipigiwa simu na mkubwa, anasimama.

CHETI: Msijisahau. Aprili 2017 serikali iliwaondoa kazini watumishi 9,932.

KIMEMO: (anacheka mpaka anakunjuka) Kwa vyeti vya kughushi! Ukoo wako huo. Ulishasikia kimemo cha kughushi?

CHETI: Mwezi uleule madaktari wetu 258 walipata ajira. Unajua walipataje? Madaktari wa Kenya walikuwa wamegoma, Rais Magufuli akakubali kupeleka 500, wetu wakaomba. Mahakama ya kule ilipoweka zuio, ndipo wakaajiriwa hapahapa. Siku zote walikuwa mtaani na vyeti mkononi. Hawakuonekana mpaka jirani alipoleta posa.

KIMEMO: Si waliajiriwa? Sasa unalia nini?

CHETI: Silii. Mwenye mimi hakusubiri posa nyingine. Cheti halisi kimo kwenye begi, kinakwenda Botswana. Mimi nimebaki kivuli.

KIMEMO: Msaliti! Kasomeshwa kwa mkopo wa wavuja jasho, leo anakimbia. Uzalendo uko wapi?

CHETI: Mkopo ataulipa kwa pula. Na huo uzalendo, mbona anaulizwa anayeondoka tu? Aliyekuandika wewe haulizwi?

KIMEMO: Yule anasaidia vijana.

CHETI: Kijana mmoja. Tuliomba wangapi nafasi hii?

KIMEMO: Sikuhesabu. Wenzako huko mezani wamelaliwa na kopo la chai.

CHETI: Haya, kijana wenu akishapewa koti jeupe, mkubwa akiugua atatibiwa naye?

KIMEMO: Thubutu! Mkubwa ana presha, hana wazimu.