Siku Isiyochimbwa Ardhi

Nagara Panchami, sikukuu ya nyoka, huja siku ya tano ya mwezi mwandamo wa Shravana, kati ya Julai na Agosti, Bengaluru ikiwa imelowa chapachapa. Siku hiyo ardhi haichimbwi, maana nyoka wana mashimo yao humo na jembe halina macho. Wanawake wengi wa jimbo hili la Karnataka hawashiki kisu wala hawakaangi kitu. Huliwa kadubu, madonge ya unga wa mchele ya mvuke, ndani yake ufuta na sukari guru.

Na ndiyo siku ambayo bomba la maji machafu uani kwa Ajji, yaani Bibi, liliziba.

Nilikuwa mpangaji wake, nimetoka Tanga kwenda kusoma, naye alinilea kama mjukuu. Uani palikuwa na mwarobaini na ashwatha, ule mtini mtakatifu, iliyopandwa pamoja hadi vigogo vikakumbatiana. Chini yake lilisimama jiwe la swila wawili waliosukana kama ukili, wakitazamana, na katikati ya mizunguko yao lingamu ndogo, alama ya mungu Shiva. Mawe ya namna hii yamejaa kusini mwa India. Pale kwenye hekalu la Ghati Subramanya, nje ya Bengaluru, yamepangwa safu kwa safu. Mwanamke aliyekawia kupata mtoto huweka nadhiri. Jiwe huchongwa, huzamishwa majini, kisha kuhani hulisomea mantra na kulisimamisha chini ya mti. Tangu hapo huogeshwa, hupakwa manjano na kuvishwa maua, kama mkubwa wa nyumba.

Asubuhi ile majirani walimiminika na maziwa. Kabla yao alikuja mcheza nyoka na kikapu chake, Ajji akamrudisha getini. Nyoka hanywi maziwa kwa hiari. Hunyimwa maji hadi kiu imshinde, kisha huugua. Sheria ya wanyamapori ya India ya mwaka 1972 inakataza hata kumfuga. "Anayetaka kutoa maziwa, alimwagie jiwe," alisema Ajji, na mpaka leo sijasikia hukumu ya haki kuliko hiyo.

Maziwa yakaganda, maua yakayafuata, mvua ikasukuma vyote bombani. Kufikia saa nne maji machafu yalikuwa yamerudi jikoni. Fundi bomba alikuja, akachungulia chemba, akagonga ardhi kwa mtaimbo kando kabisa ya jiwe.

"Mizizi imeingia kwenye bomba. Tuchimbe hapa."

"Kesho," alisema Ajji.

Anna, mwanawe wa kiume, alikwisha kushika sururu. "Amma, maji yamefika kwenye gunia la mchele!"

Ajji akavuta kigoda, akaketi palepale fundi alipogonga, mvua ikimnyeshea. "Jiwe hili nililiweka nikikuomba wewe. Mwaka wa pili ukazaliwa. Leo utachimba chini yake?"

Anna akaiegemeza sururu ukutani. Akanyanyua gunia la mchele, akalipandisha kitandani kwake.

Kutwa nzima tulichota maji kwa ndoo. Jirani wa kulia alitupisha jikoni mwake, kadubu zikaivia huko. Yule wa kushoto alileta wanawe wawili na beseni. Dada yake Anna alifika kutoka Mysuru, maana ni siku ya ndugu pia: dada huchovya ua katika maziwa na kumpaka kaka mgongoni. Alimkuta kaka yake kazama hadi vifundoni. Hakumngoja atoke, alipandisha sari, akaingia majini, akampaka palepale, na sote tukaacha ndoo kwanza.

Kesho yake fundi alichimba, akatoa mizizi minene kuliko kidole gumba. Akataka jiwe lisogezwe kidogo tu, bomba lipite moja kwa moja. Anna ndiye aliyekataa safari hii: jiwe lililosimamishwa kwa mantra haling'olewi kwa urahisi wa fundi. Bomba likazungushwa nyuma ya mti kwa viungo vya kona, bei ikapanda, naye akalipa bila kuomba kupunguziwa. Ajji naye akakubali kwamba mwakani jiwe litapewa kijiko kimoja cha maziwa, yanayobaki yachemshwe wanywe watoto wa mtaa.

Jioni fundi alianza kufukia. Ajji akamzuia, akamkabidhi tochi, akamwambia amulike shimo lote kwanza, asije akamfukia aliyeingia humo kujikinga na mvua.