Friza Ni Mali ya Umma

Kuna keki moja ya Wamarekani ambayo ukimsimulia mtu mwenye akili zake atakuuliza kama jana ulilala vizuri. Unachukua aiskrimu iliyoganda kwelikweli, unaiweka juu ya keki ya sponji, unaifunika gubigubi kwa ute wa mayai uliopigwa na sukari hadi ukawa povu zito, kisha unaitia kwenye oveni ya nyuzi 230. Dakika 3 hadi 5 tu. Inatoka juu imepiga rangi ya kahawia, ndani aiskrimu haina habari.

Inaitwa Baked Alaska, na Alaska yenyewe ni lile eneo la baridi ambalo Marekani ililinunua kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Charles Ranhofer, mpishi mkuu wa mkahawa wa Delmonico's jijini New York, aliitia kwenye kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1894 akaiita "Alaska, Florida", yaani nchi ya baridi na nchi ya jua kwenye sahani moja. Mimi naishi Tabata. Florida ninayo bure; Alaska ndiyo ya kutafuta.

Fizikia yake haina ubabaishaji. Povu limejaa viputo vya hewa, na hewa iliyofungiwa haipitishi joto upesi. Wazee waliokuwa wakifunika mabonge ya barafu kwa maranda na magunia wasingeshangaa hata kidogo. Sponji nayo ina matundu yake, inazuia joto la trei lisipande. Sharti ni kulishusha povu mpaka liguse trei pande zote, maana moto ukipata upenyo umepata mlango.

Na mlango ndio ulionimaliza. Si wa oveni, wa friza.

Maelekezo yanasema aiskrimu ilale kwenye friza usiku kucha. Aliyeyaandika hana majirani. Friza yetu ina barafu za ubuyu za wifi yangu, ambazo ni biashara, hivyo hufunguliwa kila mtoto wa mtaa anapopata shilingi mia. Ina nyama ya Mama Rehema, ambaye friza yake iliharibika kabla sijaolewa. Na sikukuu ya Idi niliyoamua kuijaribu keki hiyo, friza ilikuwa pia na changu wawili wakubwa waliosafiri na mama mkwe kutoka Tanga. Humo hakuna kitu kilichowahi kulala.

Mwaka 2014, kwenye shindano la kuoka la televisheni ya Uingereza, aiskrimu ya mshiriki mmoja ilitolewa kwenye friza na mshiriki mwenzake. Jamaa alipoikuta imelegea akaitupa Baked Alaska yake yote kwenye pipa la taka, na mamia ya watazamaji wakaandika malalamiko. Mamia! Kwa friza kufunguliwa mara moja!

Basi, Idi Pili jioni. Bakuli la bati nimelifuta kwa ndimu, kwa sababu tone la mafuta au la kiini linatosha kuufanya ute ugome kuumuka. Mashine inazunguka, povu linaanza kusimama, umeme huo ukaenda zake. Wifi akashika mchapo, akapiga kwa mkono huku akiwataja wahusika wote hadi wa ngazi ya wizara.

Hodi. Mtoto wa Mama Rehema.

"Shikamoo. Mama kasema naomba nyama yetu."

"Marahaba. Chukua, ufunge vizuri."

Akachukua. Akafunga. Ila mkia wa changu mmoja ulikuwa umechungulia nje, na mlango ukaegemea pale pale kwenye mkia, nusu wazi, gizani, bila umeme, hadi povu lilipokuwa tayari.

Aiskrimu niliyoitoa ilikuwa bado na umbo, lakini kwa kulazimishwa. Tukaifunika mbiombio kwa mwanga wa simu. Oveni ni ya gesi, ila namba kwenye swichi zilifutika zamani kwa steel wire, kwa hiyo nyuzi 230 tulizipata kwa kukadiria na dua.

Juu ilitoka inapendeza jamani. Kahawia, vilele vimesimama, wageni wakapiga makofi. Nikakata. Katikati kulikuwa na bonge lililoganda vizuri sana, ushahidi kwamba Ranhofer hakuwa mwongo. Pembeni vanila ikatembea mpaka kwenye kitambaa cha meza cha sikukuu. Tukaleta vikombe.

Mama mkwe akaonja, akatulia, akaonja tena.

"Tamu, mwanangu. Lakini mbona inanukia changu?"

Kabla sijafungua mdomo, wifi akadakia: "Mama, hiyo ndiyo Alaska. Kwao samaki tele."

Mama akaridhika, akasogeza kikombe aongezewe.