Mpaka wa Gugumaji

Katika Ghuba ya Winam, kati ya Dunga na mdomo wa Mto Nyando, samaki walikubaliana kwamba mpaka wa majimbo yao uwe gugumaji. Wazo lilikuwa la Kiboko, mwenyekiti wa chama. Gugumaji linaonekana, alisema, lina maua, wala halihongeki. Hakutaja kwamba linaelea.

Ngege alikitaka kiti cha Dunga. Omena walimpenda, kwa kuwa alijua ni usiku gani wavuvi hawatoki. Asubuhi moja aliamka akajikuta upande wa pili wa maua.

“Jaduong',” akamwambia Kiboko, “jana nimelala Dunga, leo nimeamka Nyando, na sijatikisa hata pezi.”

“Ni upepo, nyathina. Usiku huvuma kutoka nchi kavu.”

“Na yale mawimbi ya usiku wa manane?”

“Nilikuwa naoga.”

Kuoga huko kuliwagawa omena wa Ngege mafungu matatu, wachache huku, wachache kule. Shimo la Kamongo nalo likapasuliwa katikati: kichwa kikawa cha Dunga, mkia wa Nyando.

Mhesabu wa mipaka ni Kobe. Sheria ya ziwa iliigwa bara: mipaka ipitiwe upya kila miaka 8 hadi 12, na jimbo la jiji lisipishane na wastani wa watu kwa zaidi ya asilimia 40. Katika asilimia 40 kiboko mzima hupita bila kuinamisha masikio. Huko bara walikata mara ya mwisho mwaka 2012, viti vikatoka 210 hadi 290, na Kisumu ikapata jimbo la Kati. Muda wa kukata tena ukaisha Machi 2024, tume ya mipaka ikiwa haina kamishna hata mmoja. Kobe alipoulizwa na Ngege, alijibu kwamba yeye naye anangoja kuteuliwa.

Ukaja mchujo. Huku kwetu mwenye tikiti ya chama ni kama ameshaapishwa. Kura ya Agosti ni ya kula tu. Basi mambo yote yaliamuliwa usiku mmoja usio na mwezi. Masanduku yalichelewa. Kwenye daftari la wanachama wa Dunga walikuwemo mamba wawili ambao Dunga hawajawahi kuiona. Halafu akatokea Mbuta, yule aliyeingia ziwani miaka ya 1950 akawameza fulu hadi aina nyingine zikabaki hadithi. Alikuwa na karabai.

Omena na taa, mnawajua. Foleni ilinyooka kuelekea kwenye mwanga, mbele wakiimba, na mwisho wake ulikuwa kinywani mwa Mbuta. Waliosalia walihesabiwa alfajiri. Wote walikuwa wamempa Mbuta.

“Chama kimeelewana,” Kiboko akatangaza.

Ngege akajiandikisha mgombea huru. Omena waliobaki wakamjia usiku, wakinong'ona.

“Dada, tunakupenda. Lakini tumeambiwa tupige suti, rangi moja kutoka juu mpaka chini.”

“Na aliyewala wenzenu?”

“Yumo kwenye suti.”

Siku ya kura Ngege alitoka mapema kutafuta kituo chake. Katikati ya ghuba alimkuta Kobe juu ya fungu la gugumaji, amekumbatia daftari lililolowa, anaelekea Homa Bay pasipo kupiga kasia.

“Binti,” Kobe akaita, “hapa ni jimbo gani?”

“Ngoja upepo wa saa nane,” Ngege akamjibu.