Bwana Mhuri Awajibu Waliojiandikia Hati

Kabla sijazifungua barua za mwezi huu, nawaarifu wasomaji kuwa mimi si wakili wala sikupata kuvaa joho, na kwamba Sheria ya Mawakili, katika kifungu chake cha 43, inamkataza asiye wakili kuandika baadhi ya hati za kisheria kwa ujira au faida. Kwa hiyo yule mzee wa Kinole aliyeniletea mkungu wa ndizi pamoja na rasimu ya wasia wake, na atume mtu auchukue mkungu huo barazani kwangu. Zimepungua ndizi mbili tu, nazo nilizila kabla sijaisoma rasimu.

*Bwana Mhuri, nina vyumba vinne hapa Mazimbu, si mbali na lango la chuo, nawapangisha wanafunzi. Ili kuepa gharama ya wakili nilipakua mkataba katika intaneti, nikauchapisha steshenari, tukatia saini. Sasa mpangaji wangu hataki kufyeka nyasi za uani. Asema mkataba wamtaka aondoe theluji tu, na theluji haijaanguka. Nifanyeje? — Mwenye Vyumba*

Ndugu Mwenye Vyumba, mpangaji wako ana hoja, na lau ningekuwa mwalimu wake ningempa alama za juu. Nimeusoma mkataba wenu tangu bismillahi hadi tamati, nikaona kuwa ugomvi wowote baina yenu utaamuliwa na mahakama za Delaware, nalo ni jimbo la Marekani, ambako nauli ya kwenda na kurudi yapita kodi ya vyumba vyako vyote kwa miaka kadhaa. Mazimbu hii, tangu ilipokuwa shamba la mkonge, hata chama cha ANC kilipojenga hapo chuo chake cha Solomon Mahlangu, na hata kilipokabidhi majumba hayo kwa serikali ya Tanzania mwaka 1992, haijapata kuona chembe ya theluji. Na vilele vya Uluguru vinavyotutazama kutoka juu havijui ila ukungu na mvua.

Hukukosea kujiandikia. Sheria yetu ya Mikataba haimlazimishi mwenye chumba na mpangaji wake kwenda kwa wakili, maadamu wote wawili ni watu wazima wenye akili timamu, wamekubaliana kwa hiari, na jambo lenyewe ni halali. Kosa lako ni kuazima maneno ya watu ambao hawakupata kukuona. Chukua karatasi tupu, mketi wewe na mpangaji wako uani, katikati ya hizo nyasi, muandike kwa Kiswahili mlichokubaliana kwa kweli: chumba kipi, kodi kiasi gani na ya miezi mingapi, nani anunue umeme wa luku, nani afyeke, na anayetaka kuvunja mkataba atoe notisi ya muda gani. Msione haya kutumia Kiswahili, kwani tangu mwaka 2021 sheria imekitaja kuwa lugha ya mahakama. Kisha lipeni ushuru wa stempu, kwa sababu mkataba usiolipiwa ushuru huo, hata ukiwa mzuri kama utenzi, mahakama haitaupokea kuwa ushahidi mpaka deni na adhabu yake vilipwe.

Na huyo kijana wa steshenari aliyekuahidi kukutungia mkataba mwingine kwa elfu kumi, mwambie akuchapie tu. Akitunga na kupokea ujira, amekuwa wakili kishoka.

*Bwana Mhuri, mimi ni mzee Mwislamu. Nina nyumba Mazimbu na shamba la migomba Kinole, ambalo marehemu mama alikuwa akililima. Mjukuu wangu ameniandikia wasia kwa akili mnemba ya simu, kwa robo saa tu, nyumba na shamba vyote viende kwa kitinda mimba wangu, ambaye ndiye anipikiaye uji. Je, watosha? — Mwenye Ndizi*

Shikamoo mzee wangu. Rasimu yako imeandikwa kwa Kiswahili fasaha kupita changu, nami nimeihusudu. Lakini simu ilikuandikia ulichotaka, wala haikukuuliza kama unacho cha kutoa.

Wasia wa Mwislamu haupiti theluthi ya mali, na mrithi hausiwi juu ya fungu lake la faradhi, ila warithi wenziwe waridhie baada ya kufa kwako. Nawe wajua vema kuliko mimi kama ndugu zake hao wataridhia jambo ambalo huenda hata katika uhai wako hawaliridhii. Ikiwa wataka kumshukuru kwa uji, mpe hiba ungali mzima wa afya, umkabidhi mbele ya watu, na chochote kitakachosalia kigawanywe kama kilivyogawanywa katika Kurani. Ama shamba la Kinole, hapo simu imepotea njia kabisa. Waluguru wengi hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya kale ni ya lukolo, yaani ukoo huo. Baba hulima maisha yake yote, akifa, huja wajomba na wapwa wakadai kilicho chao. Panda mlimani, uwaulize wazee wa ukoo wa mama yako, kabla hujaligawa shamba ambalo huenda uliazimwa tu.

Ukisharekebisha hayo, tafuta mashahidi wasiopata kitu katika wasia huo, na wawe vijana kwako kwa umri, maana shahidi anayekutangulia kaburini hana faida. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kuhifadhi wasia. Ukaupeleke huko, usiutie chini ya godoro. Na jambo moja hukunieleza: huyo mjukuu mwandishi ni mtoto wa nani?

*Bwana Mhuri, nimepoteza cheti changu. Nimepakua hati ya kiapo, nikajiapisha mwenyewe mbele ya kioo kwa unyenyekevu mkubwa. — Mkweli*

Kioo si kamishna wa viapo. Nenda kwa wakili mwenye mamlaka hayo, utazame kwanza jina lake katika e-Wakili ya Mahakama, na usiondoke kabla hajaandika mahali na tarehe ya kiapo, kwa kuwa hati nyingi zimetupwa na mahakama kwa kukosa hayo tu.

*Bwana Mhuri, nauza nyumba tunamokaa. Fomu niliyoipakua ina mstari wa saini ya mke. Naufutaje katika simu? — Mwenye Haraka*

Mstari wafutika kwa kidole kimoja. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakifutiki kwa vidole vyote kumi: nyumba ya ndoa haiuzwi, haitolewi bure wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzio, naye ana haki ya kuweka zuio juu yake. Mnunuzi mwenye busara atauliza mke yu wapi kabla hajauliza bei.

Jina lako nimelificha katika safu hii kama ulivyoomba. Lakini bahasha uliyoituma pamoja na fomu nimeirudisha kwa posta, kwa anwani uliyoiandika nyuma yake, nayo ni ya nyumbani. Na sijui ni nani kati yenu huenda kufungua sanduku.