Mgomba Usiomjua Baba

Bwana mmoja wa Kihonda alitumwa na mkewe Soko Kuu la Chifu Kingalu: alete chana tatu za mzuzu, wageni wanakuja. Akarudi kifua mbele, kabeba mkono wa tembo. Ndizi zilikuwa kubwa kweli, moja ukiishika inafika kwenye kiwiko, ila idadi yake haikutosha hata nusu ya wageni.

"Baba watoto, si nilisema mzuzu?"

"Kwani hizi si ndizi?"

Utetezi alikuwa nao, bahati mbaya hakuujua. Wataalamu wa migomba wanaamini kwamba mzuzu na mkono wa tembo ni ndizi za kundi moja, na kwamba kundi hilo lote lilitokana na shina moja au machache ya kale. Tofauti ziliingia polepole, seli zikikosea kunakili DNA.

Migomba hii haina mbegu. Mkulima wa Kinole anang'oa chipukizi, anapanda kwingine, basi. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Mgomba umewapita, baba haujawahi hata kumsikia.

Kwa hiyo kazi yote inaiangukia seli. Kabla ya kugawanyika inanakili kromosomu 33, herufi kama bilioni 1.5. Kimeng'enya kimoja hufungua nyuzi mbili za DNA kama zipu. Kingine, polimerasi, hupita kikipachika A mkabala na T, G mkabala na C, nacho kina ukaidi wake: huenda upande mmoja tu. Uzi wa kwanza hunakiliwa mfululizo. Wa pili umeelekea kinyume, basi huandikwa vipandevipande, halafu vinaungwa. Vinaitwa vipande vya Okazaki, kwa jina la Reiji na Tsuneko Okazaki wa Japani, mume na mke waliovigundua miaka ya 1960. (Hao, inaonekana, walielewana kuhusu cha kutafuta.)

Polimerasi ikikosea hurudi nyuma ikafuta. Hata hivyo kosa mojamoja huponyoka, likapandwa, likagawiwa jirani, na baadaye likapata jina na bei yake sokoni.

Siku hizi ipo miche ya chupa, inayokuzwa maabara kutoka kipande kidogo cha mgomba. Kadiri kipande kinavyokatwa na kukuzwa tena na tena, ndivyo migomba ya ajabu inavyoongezeka. Katika jamii ya ndizi iitwayo Cavendish, inayojitokeza zaidi ni mifupi. Mkulima aliyeipata bila kuiagiza huvuna bila ngazi. Shida, mbuzi naye hahitaji ngazi.