Heshima kwa Injini Inayovuja Oili

Ng'ombe husifiwa, wanasiasa hujisifu wenyewe, lakini injini ya Isuzu TX iliyochoka haiambiwi hata asante. Nimeona nijitolee mimi. Nitaisifu hapa hapa Kegonga, ambako bado inafanya kazi, yaani bado inaharibika, maana kwa umri wake hayo mawili hayatengani.

Tuanze na ukoo, kama ilivyo desturi ya wenye kusifu. Babu yake ni Mjerumani Rudolf Diesel, aliyepata hataza mwaka 1893 na kuiwasha mashine yake ikatii kule Augsburg mwaka 1897. Septemba 1913 akapanda meli Dresden kwenda Uingereza, na asubuhi kitanda chake kikakutwa hakijalaliwa. Mjukuu akikwama kati ya Kehancha na Kegonga na shehena ya ndizi mgongoni, anafuata tu nyayo za mzee: safari ni kuanza, kufika ni majaliwa. Upande wa pili wa ukoo ni Japani, silinda sita, lita 5.8, jina la kwenye karatasi 6BD1. Malezi aliyapata Nairobi, katika kiwanda cha General Motors ambacho tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane, mzee wetu hawezi kuitwa mgeni. Uzee wake wote ameuzeekea nchini.

Fadhila yake kubwa ni ukweli. Lori jipya likiugua huwasha kitaa cha njano kwenye dashibodi kisha hunyamaza, mpaka aitwe mtu wa kompyuta kutoka Migori au Kisii, naye huanza kuhesabiwa pesa kabla hajashika spana. Letu husema kwa moshi, mbele ya soko zima. Moshi mweusi: dizeli ni nyingi kuliko hewa, au nozo zimeacha kunyunyiza na sasa zinamwaga tu. Wa bluu: ringi zimekwisha, oili inaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto, huku maji ya rejeta yakipungua na chini hakuna tone: gasketi ya hedi imekwenda. Mtoto wa darasa la nne anaweza kumpima mgonjwa huyu kwa macho, na majibu huyatoa kwa sauti, dereva akisikia.

Tena injini hii inajua kukusanya watu. Alfajiri ya baridi hewa imeingia kwenye njia ya mafuta, haiwaki. Tanboi analegeza nati ya kutoa hewa, anapiga pampu ya mkono, mapovu yanatoka, anapiga tena. "Mura, piga!" wanamhimiza watu ambao hawana mzigo humo wala haraka ya kwenda popote. Dizeli ikitoka safi bila povu, nati inakazwa. Betri? Betri ilikufa zamani, ndiyo sababu lori lililazwa mteremkoni na mawe mawili chini ya magurudumu. Mawe yanaondolewa, lori linaserereka, gia inaingia, Kegonga nzima inaamka. Kuanzia hapo haina haja na umeme wa mtu, kwa kuwa pampu yake ya mafuta inazungushwa kwa gia na injini yenyewe. Ungeweza kung'oa betri ukamwazima jirani, na lori likafika Isebania.

Kisha ule ukarimu. Hapa nina ugomvi mdogo na mafundi wetu. Injini ikichemka mlimani, dawa yao ya kwanza ni kung'oa themostati na kuitupa, eti ndiyo inayoleta joto. Sasa injini ya dizeli inataka kufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 90 hivi. Isipozifikia, mafuta hayaungui yote, yanayobaki yanaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika kabla ya siku zake. Kilichosababisha kuchemka, yaani kutu na tope la maji ya mtoni lililoziba rejeta, kimebaki palepale kinacheka. Fundi analipwa mwaka huu kwa kuitoa themostati, na mwaka ujao kwa kubadilisha ringi. Muuza vipuri anakula, mchomeleaji anakula, mama wa chai anayewauzia wote wakingoja hedi irudi kutoka mjini naye anakula. Sijui mradi wa serikali uliogawa pesa kwa usawa namna hiyo.

Hata wezi wa mafuta wamempima uvumilivu. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, kwa hiyo mafuta ya taa yakichanganywa huikausha. Mwaka 2018 serikali iliyatoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa lita ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Injini za kisasa hulishwa uchafu huo zikazima pampu na nozo kwa mpigo, na bili yake humfanya mwenye lori akae chini. Mzee wetu naye huumia, nisimsingizie uungu, ila yeye huchechemea miezi mingi akilalamika, mzigo ukiendelea kufika.

Lakini utukufu wake kamili huonekana siku anapokataa kuzima. Ringi zimekwisha kabisa, oili inapenya hadi kwenye silinda, naye anaanza kuichoma hiyo badala ya dizeli. Vuta kamba ya kuzima, hasikii. Funga njia ya tangi, hajali. Mlio unapanda, moshi unafunika vibanda, na wale wote waliokuwa wakimhimiza tanboi asubuhi wako ng'ambo ya barabara. Fundi peke yake ndiye anayemsogelea na kipande cha ubao, anakibana kwenye mdomo wa bomba la hewa mpaka mzee anakabwa na kunyamaza.

Dereva anauliza kama kesho itafika Ntimaru. Fundi anataka kwanza kujua ni mzigo gani.